Jinsi ya Kuchagua Draivu ya CD na DVD kwa Kompyuta Mpakato: Mwongozo Kamili kwa Wanunuzi wa Nyanda za Juu Kusini

Wanunuzi wengi wa draivu ya diski katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe hukwama mahali pale pale. Mtu huingia dukani akitaja jina la kompyuta yake mpakato, hupewa draivu inayofanana kwa macho na ile ya zamani, hulipa, na akifika nyumbani hugundua kwamba haiingii kwenye nafasi yake, au inaingia lakini kompyuta haiioni, au inaonekana lakini inakatika katikati ya kazi.

Jina la kompyuta halitoshi kuagizia draivu. Kompyuta za jina moja hutoka kiwandani zikiwa na draivu za unene tofauti, na pengine fundi aliyeifungua kabla yako aliondoa draivu ya asili akaweka nyingine. Kinachoagiziwa ni vipimo vya draivu yenyewe, na vipimo hivyo hupatikana kwa rula na kwa kuangalia vizuri.

Aliye Kariakoo akikosea hurudi dukani mchana ule ule. Aliye Makete, Ludewa au Mbozi mara nyingi ameletewa kipuri kwa basi na amelipia mzigo, na kukirudisha ni gharama nyingine na siku nyingine za kusubiri. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye kupima na nafasi ndogo kwenye kununua.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bisibisi ndogo ya nyota, ile ya kufungulia skrubu za kompyuta au simu kubwa.
- Rula yenye alama za milimita zinazosomeka vizuri.
- Klipu ya karatasi iliyonyooshwa.
- Simu yenye kamera, kwa ajili ya kupiga picha lebo na viunganishi.
- CD moja halisi ya kiwandani na DVD moja halisi ya kiwandani, zisizo na mikwaruzo.
- DVD-R tupu mbili. Usizisahau, kwa sababu jaribio muhimu kuliko yote dukani linazitegemea.
- Kitambaa laini kama kile cha kusafishia miwani, na kipulizio kidogo cha mkono kama wanachotumia wapiga picha kuondoa vumbi.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba draivu ya zamani imekufa kweli

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwa wengine ndiyo inayomaliza shughuli yote bila kutumia hata shilingi. Draivu ambayo haisomi diski moja haijafa. Imeshindwa diski moja.

Anza kwa kuweka CD ya kiwandani, kisha DVD ya kiwandani. Sababu ya kutumia zote mbili ni kwamba ndani ya draivu kuna miali miwili ya leza: mmoja wa nanomita 780 unaosoma CD na mwingine wa nanomita 650 unaosoma DVD. Mmoja unaweza kuchoka huku mwingine ukiwa mzima. Draivu inayosoma CD zote na kukataa DVD zote ina kasoro ya kweli. Draivu inayosoma diski halisi na kukataa zile zilizochomwa mtaani huenda ni nzima kabisa, na tatizo liko kwenye diski.

Safisha diski kwa kitambaa laini, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski huharibu data nyingi zilizo mfululizo, na draivu hushindwa kuzirekebisha.

Baada ya diski, tazama lenzi. Fungua trei, na kwenye draivu nyingi za mpakato utaiona lenzi yenyewe, nukta ndogo ya kioo yenye mng'ao wa buluu karibu na kitovu kinachoshika diski. Vumbi la Agosti hadi Oktoba, kabla mvua hazijaanza, huingia hata kwenye kompyuta inayofunikwa kila siku. Zima kompyuta, kisha puliza kwa kipulizio cha mkono. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate hugeuka kuwa madoa juu ya kioo, wala usisugue lenzi, kwani imening'inizwa kwa nyaya nyembamba sana zinazopinda kwa kuguswa.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo miongozo ya mahali pengine hailitaji. Asubuhi za Juni na Julai, kompyuta iliyolala kwenye buti la gari au kwenye chumba baridi ikiingizwa ghafla mahali penye joto, unyevu hutua juu ya lenzi kama unavyotua juu ya miwani. Draivu hukataa kila diski, na mwenyewe huamini imeungua. Iache kompyuta ikiwa imezimwa, trei ikiwa wazi, kwa saa moja au mbili, kisha jaribu tena.

Mwisho, angalia kama kompyuta inaitambua draivu. Katika Windows, fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vilivyo kwenye kompyuta, utafute kundi la draivu za DVD. Ikiwa ipo lakini ina alama ya pembetatu ya njano, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuiondoa, kisha uwashe kompyuta upya. Windows itaisajili tena yenyewe. Ikiwa haipo kabisa, ingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, wakati kompyuta inawaka. Ikiwa inaonekana BIOS na haionekani kwenye Windows, tatizo ni la programu, na draivu mpya haitakusaidia.

Uko tayari kwenda hatua inayofuata pale tu draivu inapokataa diski halisi, safi, za aina inayopaswa kuzisoma, au isipoonekana hata BIOS.

## Hatua ya 2: Amua unataka kufanya kazi gani na diski

Usiseme "nataka draivu ya CD". Sema kazi. Ofisi inayotaka kufungua kumbukumbu za zamani, mgonjwa aliyepewa picha za CT scan kwenye CD, na kwaya inayotaka kuchoma DVD za albamu yake ya video hawahitaji kitu kimoja.

Draivu iliyoandikwa DVD-ROM husoma tu. Ile iliyoandikwa CD-RW/DVD-ROM husoma DVD lakini huchoma CD peke yake, na ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu mnunuzi huona herufi za RW na neno DVD kwenye uso mmoja akadhani inachoma zote. Inayochoma zote hubeba alama ya DVD-RW, DVD±RW au maneno DVD Multi Recorder. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya kununua aina mbili za kwanza leo, hata kama kazi yako ni kusoma tu, isipokuwa ni kipuri cha mtumba ulichopewa karibu na bure.

Kuhusu ujazo: CD hubeba megabaiti 700 au dakika 80 za muziki, DVD ya kawaida gigabaiti 4.7, na DVD ya tabaka mbili gigabaiti 8.5. Video ya harusi nzima ikizidi ujazo wa DVD ya kawaida, igawe kwenye diski mbili. Diski za tabaka mbili husumbua deki nyingi za zamani zilizoko sebuleni kwa watu.

Blu-ray hutumia mwali mwingine wa nanomita 405 na hubeba gigabaiti 25 kwa tabaka. Ikiwa huna diski za Blu-ray mkononi, usiilipie. Filamu zake huhitaji pia programu maalumu ya kulipia ili zicheze kwenye kompyuta, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi.

## Hatua ya 3: Chagua kati ya draivu ya ndani na ya nje

Chagua ya nje ikiwa kompyuta yako haikuumbwa na nafasi ya draivu, ikiwa nafasi hiyo imekwishawekwa diski kuu ya pili, au ikiwa draivu itatumiwa na watu kadhaa wenye kompyuta tofauti. Kwa kwaya, studio ndogo na ofisi, hili ndilo pendekezo langu: draivu moja ya nje hutumikia kompyuta zote, na kompyuta ikifa, draivu inabaki.

Chagua ya ndani ikiwa kompyuta yako ina nafasi yake, unaibeba kila siku, na hutaki kitu kinachoning'inia kwa waya. Kumbuka tu kwamba ya ndani inadai vipimo sahihi bila kusamehe.

Ipo njia ya tatu ambayo haitangazwi sana. Ikiwa una kompyuta mbovu yenye draivu nzima ya SATA (aina ya kiunganishi inayoelezwa kwenye hatua ya nne), unaweza kununua kasha la nje peke yake, ukaitoa draivu hiyo na kuigeuza kuwa ya USB. Kasha nalo huuzwa kwa unene, kwa hiyo vipimo vya hatua ya nne vinakuhusu pia.

Anayechagua ya nje iliyo kamili aruke hadi hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Itoe draivu ya zamani uipime

Zima kompyuta kabisa, si kuilaza. Chomoa chaja na utoe betri ikiwa inatoka. Igeuze, kisha utafute skrubu inayoshikilia draivu. Kwenye kompyuta nyingi ni moja tu, karibu na katikati, na pembeni yake kuna mchoro mdogo wa diski. Ifungue, kisha ivute draivu kwa ubavu itoke. Isipotoka kwa nguvu ya vidole, usitumie kisu: kuna skrubu nyingine hujaiona, au trei haijafungwa vizuri.

### Unene

Simamisha draivu kwa ubavu na upime unene wa mwili wake wa bati bila kuhesabu uso wa plastiki wa mbele. Draivu za mpakato ziko za milimita 12.7, za milimita 9.5 na za milimita 9.0.

Tofauti ya 12.7 na 9.5 huonekana hata kwa jicho. Draivu ya 12.7 haiingii kwenye nafasi ya 9.5 kwa namna yoyote. Ile ya 9.5 huingia kwenye nafasi ya 12.7, na hapo ndipo hatari ilipo: inacheza, kiunganishi hakikutani sawasawa na mwenzake, na baada ya muda pini hupinda. Muuzaji akikuambia "hii nyembamba itaingia tu", anasema kweli, lakini kuingia hakutoshi.

Tofauti ya 9.5 na 9.0 ni nusu milimita, na rula haiwezi kuiamua kwa uhakika. Hapo itegemee namba ya toleo iliyo kwenye lebo.

### Kiunganishi

Geuza draivu utazame nyuma yake. Ukiona ndimi mbili za plastiki zilizo kwenye mstari mmoja, mmoja mrefu na mmoja mfupi, zenye vipande bapa vya rangi ya dhahabu, hiyo ni SATA nyembamba. Ulimi wa data una pini 7 na ulimi wa umeme una pini 6. Ukiona kiunganishi kimoja kipana chenye pini 50 kwa safu mbili, hiyo ni IDE, ambayo ilitumika zaidi kwenye kompyuta za kabla ya mwaka 2008 hivi.

Hizi mbili hazibadilishani. Usikubali pia draivu ya kompyuta ya mezani, hata kama nayo inaitwa SATA: ulimi wake wa umeme una pini 15, na mwili wake ni mkubwa mno.

### Uso wa mbele na kibati cha nyuma

Draivu mpya ya ndani mara nyingi huja na uso bapa wa plastiki, au bila uso kabisa. Uso wa kompyuta yako huenda umepindwa kufuata umbo la ubavu wake. Kwa kawaida unahamishwa kutoka draivu ya zamani kwenda mpya, lakini nyuso hazilingani kwa draivu zote: tundu la taa, kitufe cha kutolea na vishikizo vyake hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Ukipata draivu ya mtengenezaji yule yule na toleo lile lile, uso utahamia bila taabu.

Nyuma, kwenye kona, kuna kibati kidogo kilichofungwa kwa skrubu moja au mbili. Ndicho kinachopokea ile skrubu ya chini ya kompyuta. Hakiuzwi pamoja na draivu mpya. Kihifadhi.

### Picha tatu

Piga picha ya lebo nzima ikisomeka, picha ya kiunganishi kwa karibu, na picha ya draivu ikiwa kwa ubavu kando ya rula. Kwenye lebo au kwenye Device Manager utaona majina kama HL-DT-ST, TSSTcorp, MATSHITA au PLDS, na hayo ndiyo majina ya watengenezaji wa draivu. Dell, HP au Lenovo hawahusiki hapa. Yatumie pamoja na namba ya toleo inayofuata.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika sentensi moja kama hii: draivu ya DVD-RW, milimita 9.5, SATA, ya trei, yenye uso uliopinda. Sentensi hiyo, pamoja na picha tatu, ndiyo oda yako.

## Hatua ya 5: Kwa draivu ya nje, angalia umeme kwanza na kasi mwisho

Wanunuzi huuliza kama draivu ni ya USB 3.0. Swali hilo lina uzito mdogo. Draivu nyembamba husoma DVD kwa kasi ya 8x, ambayo ni takriban megabaiti 11 kwa sekunde, na tundu la kawaida la USB 2.0 hubeba zaidi ya hizo bila shida. Usiongeze fedha kwa sababu ya plagi ya buluu ya USB 3.0.

Swali lenye uzito ni la umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na la USB 3.0 hutoa miliampia 900. Draivu inapoanza kuzungusha diski, na hasa inapochoma, huweza kutaka zaidi ya miliampia 500. Umeme usipotosha, taa huwaka, diski huzunguka kidogo na kusimama, husikika mlio wa kugonga, kisha draivu hutoweka kwenye kompyuta na kurudi yenyewe. Wengi hurudisha draivu nzima kwa dalili hizi.

Tafuta draivu yenye kebo ya vichwa viwili, ambayo kichwa kimoja hubeba data na umeme na kingine huongeza umeme tu, au yenye tundu la pembeni la kuongezea umeme. Iunganishe moja kwa moja kwenye kompyuta. Habu (kifaa cha kugawa tundu moja la USB kuwa mengi) isiyo na adapta yake ya umeme, pamoja na waya mrefu wa kuongezea, hupunguza kile kidogo kilichopo.

Ikiwa kompyuta yako ina matundu ya USB-C pekee, nunua draivu yenye kebo ya USB-C tangu mwanzo. Vigeuzi vidogo vya bei ya chini hulegea haraka, na kebo ikitikisika wakati wa kuchoma, diski hiyo imekwisha.

Onyo kwa wanaouziwa draivu nzuri ya Apple ya mtumba, ile ya bati jeupe isiyo na trei: imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Mac, na kwenye kompyuta ya Windows hukaa kimya. Draivu za namna hiyo zisizo na trei hazifai pia kwa diski ndogo za sentimita 8 wala diski zenye stika ya karatasi, kwa sababu hunasa ndani.

Zipo pia draivu kubwa za nje zinazotumia adapta ya ukutani. Ni imara, lakini umeme ukikatika zinazimika wakati kompyuta ikiendelea kwa betri. Kwa mtu anayechoma diski mahali penye umeme wa kusuasua, nyembamba inayolishwa na kompyuta ni salama zaidi, mradi betri ya kompyuta ni nzima.

## Hatua ya 6: Nunua kwa majaribio

Ukiwa unanunua Mwanjelwa, Miyomboni au duka lolote unaloweza kulifikia, nenda na kompyuta yako, chaja yake na diski zako. Usikubali majaribio ya kompyuta ya dukani na diski ya dukani peke yake, kwa kuwa hujui ni mara ngapi diski hiyo imechaguliwa kwa sababu inasomeka.

Fanya majaribio kwa mpangilio huu. Weka CD halisi, ifunguke. Weka DVD halisi, nakili faili kubwa kutoka ndani yake hadi mwisho, maana draivu dhaifu husoma mwanzo wa diski na kukwama karibu na ukingo wa nje. Kisha choma DVD-R tupu. Kuchoma kunadai mwali wenye nguvu kubwa kuliko kusoma, kwa hiyo draivu ya mtumba iliyochoka hujulikana hapa. Ukichoma diski iliyojaa kwa kasi ya 4x, itachukua takriban dakika 15, na muuzaji mwenye draivu nzima hatakunyima dakika hizo.

Kwa ya mtumba, ongeza ukaguzi wa mkono. Trei itoke na kurudi bila kuyumba. Kitovu kinachoshika diski kiwe na vijiti vyake vyote vidogo vya kubania. Lenzi iwe na mng'ao, isiwe na ukungu. Draivu yenye alama za bisibisi kwenye skrubu zake ndogo ilikwisha kufunguliwa, mimi nisingeinunua.

Ukiwa unaagiza kutoka Dar es Salaam, mtumie muuzaji picha tatu za hatua ya nne kwa WhatsApp, naye akutumie picha hizo hizo za draivu atakayoituma, si picha ya tangazo. Linganisha lebo kwa lebo na kiunganishi kwa kiunganishi kabla ya kulipa. Mkubaliane kwa maandishi nani atalipia mzigo ikiwa kitakachofika si kilichopigwa picha, na uombe risiti inayotaja namba ya toleo na muda wa dhamana. Mwombe aifunge kwa sponji pande zote. Mzigo hurushwa ndani ya buti la basi, na lenzi iliyoning'inizwa kwa nyaya nyembamba haivumilii hayo.

Ikifika jioni ya baridi, iache ndani ya kifungashio chake hadi ipate joto la chumba, kisha uiunganishe.

## Hatua ya 7: Ifunge ya ndani mahali pake

Kompyuta ikiwa imezimwa na betri iko nje, ingiza klipu ya karatasi kwenye tundu dogo lililo kwenye uso wa draivu ya zamani, sukuma kwa upole hadi trei ichomoke kidogo, kisha uivute. Tundu hilo lipo kwa ajili ya kutoa diski iliyonasa, na hapa linakusaidia kufikia vishikizo vya uso. Bonyeza vishikizo kimoja kimoja huku ukivuta uso mbele. Plastiki iliyopoa hukatika kwa urahisi; asubuhi ya baridi, ishike kwa kiganja dakika kadhaa kwanza.

Hamishia uso na kibati cha nyuma kwenye draivu mpya. Isukume ndani ya nafasi yake kwa mstari ulionyooka mpaka uhisi kiunganishi kimeshika, kisha rudisha skrubu ya chini. Uso wa draivu ukilingana na ubavu wa kompyuta bila mwanya, na trei ikitoka bila kukwaruza, umeifunga sawasawa. Ukibaki mwanya wa milimita mbili au tatu, usiilazimishe kwa skrubu: itoe, kagua kibati kama kimekaa upande wake, na uanze tena.

## Hatua ya 8: Jaribu kazi halisi ukiwa nyumbani

Washa kompyuta, hakikisha draivu inaonekana, kisha urudie majaribio ya dukani. Hapa ndipo hujitokeza malalamiko yasiyo ya draivu kabisa.

La kwanza ni la filamu isiyocheza. Windows 10 na Windows 11 haziji na programu ya kuchezea filamu za DVD. Ikiwa diski inafunguka na unaona mafaili yake, lakini filamu haianzi, draivu yako ni nzima. Sakinisha VLC, ambayo ni ya bure, na utaendelea.

La pili ni la kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imekusudiwa kuuzwa. DVD za filamu hubeba namba ya kanda, na draivu nayo hupewa namba. Tanzania iko kanda ya 5. Diski iliyonunuliwa Uingereza au Afrika Kusini ni ya kanda ya 2, na ya Marekani ni ya kanda ya 1. Kompyuta ikikuuliza kama ubadilishe kanda, soma kabla ya kukubali, kwa maana draivu huruhusu mabadiliko matano tu, na baada ya hapo hujifunga kwenye kanda ya mwisho. Kusakinisha Windows upya hakubadilishi chochote, kwa sababu hesabu hiyo imehifadhiwa ndani ya draivu yenyewe. Kwa draivu ya mtumba, jambo hili linafaa kukaguliwa mapema: fungua sifa za draivu kwenye Device Manager, na ukurasa wa kanda utakuonyesha mabadiliko mangapi yamebaki.

La tatu linawahusu wanakwaya na wapiga video za harusi. Diski iliyochomwa vizuri inaweza kucheza kwenye kompyuta yako na kukataliwa na deki ya mteja. Tumia DVD-R, ambayo deki nyingi za zamani huipokea kwa urahisi zaidi kuliko DVD+R. Choma kwa 4x badala ya kasi ya juu kabisa. Chagua kuifunga diski mwishoni (kwenye programu huandikwa finalize), na hakikisha umeitengeneza kama DVD ya video, si kama diski ya data yenye faili la MP4 ndani. Usibandike stika ya karatasi juu yake. Huvuta diski upande mmoja, na joto la draivu huanza kuibandua. Andika kwa kalamu maalumu ya diski yenye ncha laini.

Kabla ya kuchoma nakala za kuuza, choma moja, ipeleke kwenye deki ya jirani isiyo mpya, na uitazame hadi dakika za mwisho. Ikicheza hapo bila kukwama, endelea na nakala zilizobaki. Ikikwama, badilisha kwanza aina ya diski tupu, kisha kasi, na ikiwa bado inakwama kwenye deki mbili tofauti, rudisha draivu ukiwa bado ndani ya muda wa dhamana, pamoja na diski zilizoshindwa, ili muuzaji aone kasoro kwa macho yake.